Kwa Nini Mchawi wa Filamu Huvaa Kanzu?

Mazungumzo yetu ni ya filamu, hizi tunazokaa kuzitazama sebuleni baada ya isha, hizi watoto wetu wanazozitazama kwenye simu sisi tukiwa tumeshalala. Nataka tuzungumze namna zinavyoichora dini na namna zinavyoichora ndoa. Mimi nasema tumedhulumiwa, na nasema pia kwamba sehemu ya dhuluma hiyo tumeifuga wenyewe.

Picha yenyewe unaijua. Mtu ana shida. Biashara imekwama, au mume kahama nyumba, au mtoto anaumwa na spitali hawaoni ugonjwa. Rafiki anamshika mkono, anampitisha vichochoroni. Mlango unafunguliwa, na ndani kakaa mzee kwenye mkeka. Kavaa kanzu, kofia ya viua kichwani, tasbihi mkononi. Chetezo kinafuka ubani. Mbele yake pana kitabu cha maandishi ya Kiarabu, na mimi nimewahi kukiona kimeshikwa juu chini mwanzo wa tukio mpaka mwisho, asitokee hata mmoja katika waliokuwa wakipiga picha akakigeuza. Mzee anatamka maneno mawili matatu yanayofanana na aya, anatema mate pembeni, anataka kuku mweusi, au anataka fedha nyingi, au anamtaka mke wa mtu. Mambo yanazidi kuharibika. Robo saa ya mwisho anaingia mtu mwengine: suti, tai, Biblia kwapani. Anakemea, mashetani wanapiga ukelele na kutoka, familia inapona, na maandishi ya mwisho yanapanda kwenye kioo.

Nieleweke hapa, tafadhali. Mimi sina ugomvi na mchungaji. Mji Mkongwe wetu hapa Unguja una kanisa la Minara Miwili na kanisa la Mkunazini, lile lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa, na yote mawili yana umri zaidi ya miaka mia. Kengele zao tumezisikia tangu utotoni pamoja na adhana, wala hakuna aliyepungukiwa na kitu. Tena mchungaji naye hakusalimika. Ziko filamu ambazo kazi yake ni kula sadaka na kuwatongoza waumini, na Mkristo akiumia kwa hilo namuelewa. Ugomvi wangu ni kwamba vazi la ibada limegeuzwa alama. Mtazamaji akiona kofia na tasbihi, kabla mtu hajafungua mdomo, ameshajua nani muovu.

Kuna atakayeniambia: lakini waganga wa namna hiyo si wapo? Wapo. Wapo mpaka hapa Unguja, wanaoandika makombe, wanaouza hirizi, wanaopunga majini, na miongoni mwao wako matapeli wanaowafilisi wajane. Wala sitaki wafichwe. Ninachouliza ni hiki: katika filamu hizo mia mbili mia tatu ulizotazama, msikilizaji, umemuona mara ngapi mtu mwengine aliyevaa kanzu? Umemuona mwalimu wa chuo anayesomesha watoto wa mtaa alif-be-te kwa malipo yasiyotosha hata mafuta ya taa? Umemuona imamu aliyeamshwa usiku kwenda kuwapatanisha mke na mume? Umemuona mvuvi wa Mkokotoni anayeswali alfajiri mchangani kisha anasukuma ngalawa? Watu hawa ndio wengi, na hawamo. Yule mmoja muovu akionyeshwa peke yake mwaka baada ya mwaka, huo ni uongo hata kama kila filamu kwa nafsi yake imesema kitu kilichopata kutokea.

Chanzo cha picha hiyo kina historia. Mwaka 1992 huko Nigeria ilitoka filamu ya kanda ya video iitwayo Living in Bondage, iliyogharamiwa na mfanyabiashara Kenneth Nnebue. Ni hadithi ya mwanamme aliyemtoa mkewe kafara ili atajirike, akaandamwa na mzimu wa mke huyo, mwisho akapata nafuu kanisani. Iliuzwa sana, na ikafungua njia kwa maelfu ya filamu zilizofuata. Angalia vitu vilivyomo: mali, uchawi, ndoa iliyotolewa kafara, na mchungaji mwishoni. Kanda hizo zilivuka bara zima zikafika Dar es Salaam na zikafika Darajani, na vijana wetu wakajifunza kazi kwa kuzitazama. Mussa Banzi akatutisha kwa Nsyuka na Shumileta, filamu za mashetani na majini. Marehemu Steven Kanumba alikwenda Nigeria akarudi na Dar 2 Lagos mwaka 2006, na baadaye akaigiza Devil Kingdom pamoja na Ramsey Nouah wa huko huko. Alikuwa kijana hodari, na alipofariki Aprili 2012 nchi nzima ililia. Lakini hadithi ile ya Nigeria ilikuja na mganga wake na mwokozi wake. Kule kusini mwa Nigeria mganga huvishwa kitambaa chekundu, shanga na manyoya. Alipofika pwani yetu akavuliwa manyoya, akavishwa kanzu.

Kanzu ni rahisi. Imo kabatini mwa kila nyumba ya pwani, haigharimu kitu. Filamu za enzi ya DVD zilipigwa kwa siku chache na fedha kidogo, zikakatwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili ili mnunuzi alipe mara mbili, na maneno mengi waigizaji walikuwa wakijitungia papo hapo. Mtu anayefanya kazi kwa haraka hiyo hana nafasi ya kumjenga mtu muovu kwa tabia na vitendo. Anamvisha nguo, mambo yanakwisha. Naamini wengi wa waliofanya hivyo hawakukusudia kuitukana dini ya mtu, na baadhi yao ni Waislamu wenyewe. Ndiyo maana nasema jambo hili linarekebishika.

Ndoa nayo imeponzwa na umasikini huo huo wa bajeti. Hakuna hadithi iliyo nafuu kupigwa picha kuliko ya ndoa inayovunjika. Unahitaji sebule moja yenye makochi, gari la kuazima, mwanamme mmoja na wanawake wawili. Ukimuongeza mama mkwe mwenye maneno makali, umeshapata saa mbili. Basi kila siku ni hiyo. Mke wa kwanza mwema na mke wa pili nyoka, au kinyume chake. Mume tajiri asiyefanya kazi inayoonekana. Rafiki wa mke ndiye anayemchukua mume. Na hadithi ikihitaji kuonyesha dhambi ya kifahari, kamera inaletwa kwetu, kwenye mahoteli ya Nungwi na Kendwa: mwanamme kamdanganya mkewe yuko safari ya kikazi, kumbe yuko ufukweni na mwengine. Kisiwa kizima kimekuwa pazia la nyuma la uzinzi wa watu wengine, na wenye kisiwa hawana hata mstari mmoja wa kusema isipokuwa "karibuni chumba chenu kiko tayari".

Halafu njoo kwenye talaka ya filamu. Mume anasimama, anatamka talaka tatu kwa mpigo, muziki unapanda, na tukio linalofuata mke yuko barabarani na begi lake. Hapana wazee waliokaa baina yao. Hapana eda. Dini inayosingiziwa hapo inasema nini? Inasema kabla ya talaka atafutwe msuluhishi upande wa mke na msuluhishi upande wa mume. Inasema mke aliyeachwa talaka rejea anakaa eda yake katika nyumba hiyo hiyo, wala hatolewi, na mume anabaki na jukumu la matumizi yake. Kijana anayezijua sheria za ndoa kwa kupitia filamu peke yake anaingia kwenye ndoa akiamini kwamba kumtupa mtu nje usiku ni haki aliyopewa na Mungu. Hapa ndipo filamu inapoacha kuwa mchezo.

Tuwe wakweli, wako wanaume wa kwetu wanaofanya hivyo hivyo bila kufundishwa na filamu yoyote. Ukipita kwenye mahkama za kadhi utawakuta wanawake wamekaa kwenye mabenchi tangu asubuhi, mtoto mgongoni, wakidai matumizi. Wanahabari wanawake wa TAMWA Zanzibar na wanasheria wanawake wa ZAFELA wamelisema hili miaka mingi. Mwandishi wa filamu akilionyesha benchi lile la mahkamani, na mama aliyekaa pale, na kadhi anayemhoji mume kwa nini hajapeleka hata kilo ya mchele, atakuwa ametenda haki kwa dini na kwa mama yule. Maana atakuwa ameonyesha kosa na ameonyesha kipimo cha kosa.

Ngoja nikueleze harusi moja ya mtaani kwetu, ili uone kilichoachwa nje. Kabla ya siku yenyewe, bibi harusi anaulizwa. Anayetaka idhini yake huingia mpaka alipo mwari, pamoja na mashahidi, akamtajia jina la mwanamme na mahari, na akasubiri jibu. Siku ikifika, huyo mwanamme akishaingia msikitini huketi uso kwa uso na walii wa mke, magoti karibu yanagusana, wameshikana mikono ya kulia. Shekhe anasoma khutba ya ndoa. Walii anatamka kuoza kwa mahari yaliyotajwa, kwa sauti, watu wote wasikie, na kijana anajibu kwamba amekubali. Wengine sauti huwakauka na hulazimika kurudia. Kisha hupitishwa haluwa na kahawa, mrashi unanyunyizwa, udi unazunguka, na wanaume wanamfuata bwana harusi mpaka nyumbani kwa mke akatoe mkono. Anamwekea mkewe mkono kwenye kipaji cha uso, anamsomea dua. Wanawake wote ndani wananyamaza kwa dakika ile, halafu vigelegele vinapasuka mpaka njiani.

Mahari yale ni ya bibi harusi mwenyewe. Ni mali yake, haipangiwi na baba yake wala na mumewe. Kwenye filamu lakini ni baba ndiye anayeonekana akihesabu noti huku binti analia chumbani. Na ile kuulizwa, ile dakika ya idhini, mimi sijaiona katika filamu hata moja kati ya nilizotazama. Ingekuwa dakika nzuri ajabu kwa mtunzi anayeijua kazi. Sheria inachukua kimya cha mwanamwali kuwa ni ridhaa, kwa kuheshimu haya yake. Lakini kila mama wa Unguja anajua kwamba kuna kimya cha haya na kuna kimya cha khofu. Shangazi aliyekaa ubavuni anaijua tofauti. Je, atasema? Hapo pana filamu nzima, yenye dini ndani yake, yenye ndoa ndani yake, na yenye dhuluma pia ikiwa mtunzi anaitaka, bila ya mchawi hata mmoja.

Watunzi wetu wa zamani waliyaweza mambo haya. Said Ahmed Mohamed alitoa riwaya ya Utengano mwaka 1980. Bwana Maksuudi wa riwaya ile ana heshima ya nje na udhalimu wa ndani: binti yake Maimuna kafungiwa nyumbani hajui dunia, na mkewe Tamima anaachwa katika saa ambayo mwanamke anahitaji mumewe kuliko saa yoyote. Ni ukali mtupu, na riwaya hiyo imesomwa maskulini, watoto wa Kiislamu wameifanyia mitihani. Sijasikia aliyesema Said katukana dini, kwa sababu msomaji anaona waziwazi kwamba dini ndiyo inayomshitaki Maksuudi. Adam Shafi naye katika Vuta N'kuvute alimleta Yasmin, msichana wa Kihindi wa hapa hapa mjini, aliyeozwa mzee, akamkimbia, akapokewa na Mwajuma upande wa Ng'ambo, akakutana na Denge na harakati za kupinga ukoloni wa Muingereza. Amil Shivji akaifanya filamu mwaka 2021, ikaoneshwa kwenye tamasha la Toronto, na Tanzania ikaipeleka kushindania tuzo ya Oscar. Watakuwapo watu waliotoka kwenye filamu ile wakinung'unika kwamba imewafundisha wasichana kukimbia waume. Mimi sioni hivyo. Aliyekosa ni yule aliyempa msichana mzee asiyemtaka. Ndoa ya namna hiyo kadhi angeivunja, na filamu inayotuonyesha ubaya wake inailinda ndoa, haiivunji.

Wala wazee wetu hawakuwa watu wa kuogopa hadithi za ndoa mbaya. Mji huu ulikuwa na sinema ya Majestic pale Vuga, Empire, na Sultana ya Malindi ambayo baada ya Mapinduzi ikaitwa Cine Afrique. Filamu za Kihindi zilijaza viti, na yalikuwapo maonyesho ya wanawake peke yao, ambapo bibi zetu walikwenda na mabuibui yao wakalia mpaka leso zikarowa. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ni kisa cha jaji aliyemfukuza mkewe mja mzito kwa dhana tu kwamba mimba si yake, na mtoto akakulia kwenye wezi. Unaona ukali wake. Mwanahistoria wa Marekani Laura Fair amezungumza na wazee waliohudhuria, na kitabu chake cha Reel Pleasures, kilichotoka 2018, kinaeleza jinsi watu walivyotoka sinema wakaendelea kubishana barazani kuhusu mapenzi, wivu na haki ya mke. Watu walitazama pamoja, wakubwa na vijana, kisha wakahukumu pamoja. Leo mtoto anatazama peke yake, chini ya shuka, na hana wa kubishana naye.

Nchi za Magharibi nitazipitia upesi, maana zimeshasemwa sana. Jack Shaheen, msomi wa Marekani mwenye asili ya Lebanoni, alipitia filamu za Hollywood zaidi ya 900 na mwaka 2001 akachapisha alichokikuta: Muarabu na Muislamu ni gaidi, ni sultani mwenye uchu, au ni mume katili. True Lies ya mwaka 1994 iliwafurahisha vijana wa hapa kwa milipuko yake, na wengi hawakujali kwamba wanaolipuliwa wamepewa majina ya baba zao. Not Without My Daughter ya 1991 ilimfanya mume mmoja mbaya wa Iran kuwa mfano wa kila mume wa Kiislamu. Lakini kuna somo dogo pale. Katuni ya Aladdin ilipotoka 1992, wimbo wake wa ufunguzi uliwasema vibaya Waarabu. Jumuiya ya Wamarekani wenye asili ya Kiarabu ikalalamika kwa hoja, na katika kanda iliyotoka 1993 maneno yakabadilishwa. Kampuni kubwa namna ile ilisikia.

Miongoni mwa watu wa mwanzo wa kisiwa hiki kuijibu dunia juu ya habari hizi alikuwamo mwanamke. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliondoka kisiwani, akabatizwa na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete mwaka 1867, akaishi ugenini kwa jina la Emily. Kama yupo aliyekuwa na sababu ya kuisema vibaya dini aliyoiacha na nyumba aliyoikimbia, ni yeye, na ingempatia wasomaji wengi. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka Ujerumani mwaka 1886, na ndani yake aliandika sura ya hali ya wanawake wa Mashariki, akiwasahihisha Wazungu waliokuwa wakihukumu maisha ya ndani ya majumba ambayo hawakupata kuyaingia. Hakuficha husda na fitina za ndani ya nyumba ya Sultani. Alizieleza zote. Aliwaeleza pia akina mama wenye busara, ndugu waliopendana, wanawake waliosimamia mali zao. Hicho ndicho ninachokiomba kwa watengenezaji filamu, na kiliwezekana miaka zaidi ya mia na thelathini iliyopita, kwa kalamu ya mwanamke mmoja mjane aliye ugenini na watoto watatu.

Basi tufanye nini? Wengi mkikutana nami mnaniambia zipigwe marufuku. Tunalo Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, BASSFU, na kazi yake naiheshimu. Filamu chafu haifai kuoneshwa hadharani mbele ya watoto. Lakini uwezo wa baraza unaishia mlangoni mwa ukumbi. Simu ya mtoto haina mlango. Tena marufuku huweza kumpiga asiye na hatia. Mustafa Akkad, Muislamu mzaliwa wa Syria, alipotengeneza The Message mwaka 1976, kisa cha mwanzo wa Uislamu, watu wenye silaha waliteka majengo mjini Washington Machi 1977 wakashika mateka karibu 150, na miongoni mwa madai yao ilikuwa filamu hiyo isimamishwe. Ilivumishwa kwamba Anthony Quinn kaigiza nafasi ya Mtume. Quinn aliigiza Hamza, na Mtume hakuonyeshwa wala sauti yake haikusikika filamu nzima. Damu ilimwagika kwa jambo lisilokuwapo. Leo filamu hiyo hiyo huoneshwa Ramadhani katika nchi za Kiislamu, na wanaoitazama hulia.

Jawabu la filamu ni filamu. Waturuki wametuonyesha. Ile tamthilia ya Sultan tuliyoifuata kwa Kiswahili kwenye Azam, mpaka maduka yalikuwa yakifungwa mapema, kwao ilioneshwa kuanzia 2011, na Novemba 2012 Erdoğan, wakati huo Waziri Mkuu, aliilaani hadharani kwamba imemfanya Sultani Suleiman mtu wa kukaa na wanawake, ilhali alikaa miaka 30 juu ya farasi. Kulaani kuliishia hewani, tamthilia ikaendelea. Kilichofanya kazi ni kwamba mwaka 2014 shirika lao la TRT lilianza kuonesha Ertuğrul, yenye watu wanaoswali, wanaopendana na wake zao na wanaoshika ahadi, na dunia nzima ikaitazama. Nayo haina usahihi wote wa historia, lakini ilijibu. Hata China ilituletea Doudou na Mama Wakwe Zake kupitia TBC, kisa cha kawaida cha mke kijana na wakwe zake, hapana sumu wala uchawi. Xi Jinping aliitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013, kwa sababu alijua watu wameipenda. Ndoa yenye ugomvi mdogo wa jikoni inatosha kuwashika watazamaji ikiwa imeandikwa vizuri.

Na sisi tuna visa vikubwa kuliko hivyo. Disemba 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera, Kenya, lilisimamishwa na al-Shabaab. Waliwataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike, na abiria wakawaambia wauaji watuue sote au mtuache. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafa Januari 2016. Kisa hicho kimekuwa filamu fupi iitwayo Watu Wote, iliyoteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018, na walioitengeneza ni wanafunzi wa filamu kutoka Hamburg, Ujerumani, wakiongozwa na Katja Benrath, pamoja na waigizaji wa Kenya. Nawashukuru sana. Lakini iliniuma kuona kwamba wema wetu wenyewe ulilazimika kusubiri wageni waje kuupiga picha.

Nina ombi kwenu, vijana mnaopiga video za harusi. Mpo kila mtaa, Mchangani, Kikwajuni, Jang'ombe, wengine ni mabinti mnaoingia upande wa wanawake ambako mwanamme haingii. Hakuna watu nchi hii wanaoijua ndoa kwa macho kama nyinyi. Mmemuona walii akitetemeka mkono, mmemuona mama akijificha nyuma ya mlango kulia, mmeyaona na yale mnayoambiwa myafute. Kamera mnazo na taa mnazo. Chukueni kisa kimoja mnachokijua, andikeni maneno yake kabla ya kuanza kupiga, mpelekeeni shekhe mnayemuamini ayapitie, na kama mna mchungaji ndani ya kisa mpelekeeni mchungaji. Ikiisha ipelekeni ZIFF, tamasha la filamu ambalo tangu 1998 limekuwa likiwaita watu wa dunia Ngome Kongwe, mlangoni kwetu.

Mashekhe wangu, mtu akikuleteeni muswada msimfukuze. Ofisi ya Mufti ikiweka mtu mmoja wa kusoma miswada na kushauri, kwa upole na bila kuchelewesha, makosa mengi yataisha mezani. Na nyinyi wafanyabiashara mnaochangia harusi za fahari kwa mamilioni, tengeni fungu kwa filamu moja tu kwa mwaka. Wazee wenzangu, kaeni na watoto mtazame nao, na yule mchawi wa kanzu akitokea tena, mwambieni mtoto usiku ule ule kwamba hivyo sivyo tulivyo.